Mionzi Inayotosha Picha Moja

Asimwe mwanangu,

Umetoka hapa kama saa moja iliyopita, wewe na mama yako, kwenda Nshamba kumuaga bibi. Nyumba imekuwa kimya na mimi nimebaki na begi lako jeusi hapa sebuleni, nusu limefungwa. Mkirudi jioni nyumba itajaa watu, na kesho alfajiri ni basi la Mwanza. Kwa hiyo naandika sasa hivi, mchana, kabla sijakosa nafasi.

Mambo ya chakula, ya kuamka mapema na ya kuchagua marafiki mama yako ameshayasema yote, na mengine ameyasema mara mbili. Mimi siongezi.

Nina deni moja kwako. Siku ile barua ya chuo ilipofika, ulipoona umechaguliwa kusomea radiografia, uliniuliza tukiwa mezani: "Baba, unajuaje ni mionzi kiasi gani inamtosha mtu mmoja?" Nikakujibu kwa haraka kwamba kuna chati, unaisoma tu. Ukaridhika, ukaendelea kula. Mimi nikashindwa kumaliza chakula changu, kwa sababu jibu lile nilikuwa nimewahi kumpa mtu mwingine, zamani, kabla hujazaliwa, na halikuwa kweli hata siku hiyo.

Nilikuwa nimetoka chuoni nikapangiwa hospitali moja ndogo upande wa Muleba. Chumba cha eksirei kilikuwa na mashine moja, na pembeni yake chumba cha giza cha kuoshea filamu. Mkuu wangu alikuwa Ta Rwegasira, "Ta" ile ya heshima tunayowapa wazee wetu. Alikuwa mzee mtaratibu, anavaa koti jeupe lililopigwa pasi hata siku ambazo umeme haupo, na ndiye aliyenionyesha jinsi ya kumlaza mgonjwa mwenye nyonga iliyovunjika bila kumwongezea maumivu. Nilimheshimu sana. Bado namheshimu, na nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Ukutani, karibu na meza ya swichi, kulikuwa na karatasi ya manila yenye mwandiko wake. Kifua, namba hizi. Mgongo, namba hizi. Tumbo, namba hizi. Chuoni utafundishwa vizuri, lakini kwa ufupi namba zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni kilovolti, ambayo ni nguvu ya mionzi kupenya mwilini. Ya pili ni wingi wake, yaani mkondo wa umeme ukizidishwa kwa muda unaoshikilia swichi. Nguvu ikiwa ndogo mno, mionzi mingi inakwama ndani ya mgonjwa bila kufika kwenye filamu. Anaibeba yeye na picha haipati kitu. Wingi ukizidi, filamu inakuwa nyeusi. Ukipungua, inakuwa hafifu. Hayo niliyajua, niliyafanyia mtihani na nikafaulu.

Kitu ambacho sikukitilia maanani ni kwamba kwenye manila ile kila namba ya wingi ilikuwa imekatwa. Ishirini imekatwa, juu yake ishirini na tano. Nayo imekatwa, imeandikwa thelathini na mbili. Zote zilikuwa zimepanda, hakuna hata moja iliyoshuka. Nilizitazama kila siku kwa miezi na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Kwa watoto kulikuwa na neno moja tu chini kabisa: "Punguza."

Siku moja, kama saa nane mchana, akaja mama mmoja na binti yake wa miaka minne. Tulimwita Ma Byera. Mume wake alikuwa na shamba la kahawa upande ule wa Muleba, lakini yeye mwenyewe alifanya kazi Maruku, kwenye kituo cha utafiti, kupima na kuandika: urefu wa migomba, unene wa mashina, uzito wa mikungu. Binti yake alikohoa wiki nyingi na daktari alihofia kifua kikuu. Walikuwa wamekaa kwenye benchi nje, na mimi nilikuwa na tabia ya kusoma namba kwa sauti ninapozungusha swichi, kabla ya kufunga mlango. Kwa hiyo Ma Byera alikuwa amenisikia nikimpangia namba mzee mmoja mnene wa kifua aliyetangulia.

Zamu yao ikafika. Nikamvalisha Ma Byera aproni ya risasi amshike mtoto, nikasoma manila, nikapunguza hatua moja.

"Umepunguza kidogo tu," akasema.

"Ndiyo, mama. Ni mtoto."

"Lakini yule mzee ni mara tatu ya huyu. Sisi kule kituoni hatunyunyizii mche wa kahawa dawa kwa kipimo cha mti mzima. Mche unakufa."

"Mama, hapa kuna chati. Chati inajua."

Hilo ndilo jibu nililokupa mezani, Asimwe.

Nikapiga. Nikaenda chumba cha giza, nikaosha filamu, nikaitoa kwenye mwanga. Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, hata mbavu hazionekani vizuri. Nikarudi, nikashusha sana kwa hasira. Safari hii ikatoka hafifu, mapafu kama ukungu wa asubuhi. Nikapandisha kidogo. Mtoto alikuwa ameshachoka, akalia, akajikunja wakati napiga, picha ikacheza, haikusomeka. Mara ya nne ndiyo ikakubali.

Zile tatu nikazisukuma kwenye mfuko wa filamu mbovu. Kwenye rejista, penye safu ya idadi ya picha zilizopigwa, nikaandika moja.

Sikujua kwamba Ma Byera anasoma mwandiko akiwa upande wa pili wa meza. Ni kazi yake kusoma namba.

"Umeandika moja," akasema.

"Ndiyo iliyofaa."

"Nimehesabu nne. Kila mara anaingiwa na kiasi gani?"

"Kidogo sana. Hata hasikii chochote."

Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri namba ili aiandike, na namba haiji. Kisha akasema, "Haya, waitu," kwa heshima ile ambayo sisi Wahaya tunaweza kumpa hata mtu ambaye hatumwamini, akambeba mtoto wake akaenda kwa daktari.

Mwanangu, ukweli ni kwamba picha nne za kifua hazimwangushi mtoto. Usije ukawatisha watu. Hatari ya picha moja ni ndogo, na manufaa yake kwa mtoto anayekohoa hivyo ni makubwa. Picha ile ilisaidia kuonyesha ugonjwa, mtoto akaanza dawa. Kilichoniuma si kwamba nilimdhuru, maana sina ushahidi wa hilo na yeye hana. Kiliniuma kwamba niliulizwa swali la haki, nikasema "kidogo sana" kana kwamba nimepima, na sikuwa nimepima chochote. Na kisha nikadanganya kwa kalamu.

Kwa wiki mbili nilipita mbele ya rejista ile kama mtu anayempita mkwe wake njiani bila kumsalimia.

Ma Byera alirudi na mtoto kwa daktari. Mtoto alikuwa ameanza kunenepa mashavu. Walipomaliza, mama akaja mlangoni kwangu.

"Nimekuja na swali langu lile."

Nikamwambia, "Sijui jibu lake."

Unajua, kusema vile kuliniuma kwa sekunde moja tu, halafu nikajisikia mwepesi. Nikafungua rejista mbele yake, nikakata moja, nikaandika nne, nikatia sahihi na tarehe. Akatoa kadi ya kliniki ya mtoto.

"Niandikie na hapa. Atakayempiga picha nyingine ajue."

Nikaandika. Nilidhani ataondoka, lakini akavuta kiti. Udadisi ulikuwa umemshika.

"Ile ya kwanza ilikuwa nyeusi kwa nini? Ulikuwa umepunguza."

"Labda mashine."

"Na wagonjwa wa asubuhi, wanatoka weusi vilevile?"

Nikafikiri. "Hapana. Wa asubuhi wanatoka vizuri. Wengine hafifu kidogo."

"Na mimi nilikuja saa nane, jua kali." Akageukia mlango wa chumba cha giza. "Hiyo dawa ya kuoshea ina joto gani?"

Asimwe, nilikuwa nimesoma kwenye kitabu kwamba dawa ya filamu inataka nyuzi ishirini. Nilikuwa nimeijibu kwenye mtihani. Na tangu nifike Muleba sikuwahi kuingiza kipimajoto ndani ya ndoo ile, kwa sababu kipimajoto chetu kilivunjika kabla sijaja na hakuna aliyekiulizia.

Wiki iliyofuata akanitumia kimoja cha kuazima, kimefungwa kwenye gazeti, pamoja na kipimo cha chuma chenye taya mbili, kile wanachopimia unene wa mashina. Aliandika kwenye kipande cha karatasi: "Vyote viwili virudi."

Basi nikaanza kupima. Asubuhi, milima ile ikiwa bado na ukungu, ndoo ilikuwa baridi, chini kabisa ya nyuzi ishirini. Mchana ilikuwa imepanda hadi juu yake. Filamu ileile, namba ileile, asubuhi inatoka hafifu na mchana inatoka nyeusi. Niliona kwa macho yangu, nikaona na maana ya zile namba zilizokatwa. Dawa ikiwa baridi inaosha kivivu, filamu inakuwa hafifu, fundi anadhani mionzi ni michache. Anaongeza. Mgonjwa anabeba nyongeza hiyo, kumbe kilichokosekana ni maji ya moto.

Sasa nikawa na kazi ya kumwambia Ta Rwegasira.

Niliogopa. Alikuwa amefanya kazi ile tangu nikiwa shule ya msingi. Nikaona nisimletee maneno, nimletee picha. Nyuma ya hospitali kulikuwa na migomba. Nikakata kipande cha shina lenye maji mengi, unene kama kifua cha mtoto. Nikakipiga picha mbili kwa namba za manila. Moja nikaiosha asubuhi kwenye dawa baridi. Ya pili nikaiosha baada ya kuiweka ndoo kwenye beseni la maji ya moto mpaka ikafika nyuzi ishirini. Halafu nikapiga ya tatu kwa nusu ya mionzi, nikaiosha kwenye dawa ileile ya joto.

Nikazitundika dirishani, nikamwita.

"Hii nini?" akauliza.

"Mgomba, Ta."

"Unapoteza filamu za serikali kwa mgomba?"

"Tafadhali zitazame tu."

Akavaa miwani. Ya kwanza hafifu. Ya pili nyeusi. Ya tatu, ya nusu, nyuzi za shina zilikuwa zinahesabika. Nikamweleza nilichofanya. Alizitazama moja moja, akirudi kwenye ile ya tatu.

"Niliongeza mwezi wa saba," akasema mwishowe. "Mwaka sikumbuki. Baridi ilikuwa kali, daktari ananirudishia picha kila siku. Nikaongeza, akanyamaza. Mwaka uliofuata nikaongeza tena."

"Hukushusha namba joto liliporudi?"

"Mchana nilikuwa napunguza muda wa kuosha. Naitoa filamu mapema, kwa jicho tu. Picha inakuwa nzuri. Nani analalamikia picha nzuri?"

Kumbe ndiyo sababu zake hazikuwa nyeusi kama yangu. Jicho lake lilikuwa hodari kiasi kwamba liliweza kulificha kosa, hata yeye mwenyewe asilione.

Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. "Watu wangapi wamepita hapa," akasema, si kama swali. Kisha akaondoka, akaenda nyumbani mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilidhani nimemvunja. Nilikaa pale najilaumu mpaka jioni.

Kesho yake akaja na birika la kwake mwenyewe, la kuchemshia maji ya ndoo, na manila mpya chini ya kwapa. "Wewe pima unene, mimi naandika," akasema. "Mwandiko wako mbaya." Ilituchukua wiki kadhaa. Tulipima vifua vya watu kwa kile kipimo cha migomba, na wagonjwa walicheka sana. Chati mpya ikawa na safu kwa unene: mtoto mchanga, mtoto, mwembamba, wa kati, mnene. Ile ya zamani aliibandua yeye mwenyewe, kwa uangalifu, kona moja baada ya nyingine.

Vifaa vya Ma Byera nilivipeleka Maruku kwa mkono wangu. Alivikagua kama vipo sawa, akaniuliza namba zimeshuka kiasi gani, nikamwambia, akaziandika kwenye daftari lake. Sijui alizifanyia nini. Nadhani alitaka tu kuzijua.

Ningeweza kuishia hapa, na ungebaki ukidhani baba yako alikosea akiwa kijana, akajifunza, basi. Lakini kuna kosa la pili, na hilo nimelifanya nikiwa mtu mzima, hapa Bukoba, na wewe upo ndani yake.

Mashine za kidijitali zilipokuja tulifurahi. Hakuna chumba cha giza, hakuna ndoo. Picha inatokea kwenye kioo. Na ina jambo moja la ajabu ambalo nataka ulikumbuke siku utakayoishika: haiwi nyeusi. Ukiweka mionzi mingi kupita kiasi, kompyuta inairekebisha, na picha inazidi kuwa laini na safi. Ukiweka michache mno ndipo inalalamika, inakuwa na chengachenga kama mchanga. Kwa hiyo mashine inakuadhibu ukipunguza, na inakusifu ukizidisha. Kuna namba ndogo kwenye kona inayoonyesha mionzi iliyofika, lakini lazima uitafute kwa macho. Daktari mmoja alinirudishia picha mbili zenye mchanga. Nikaongeza kidogo. Akanyamaza. Unaona nilipokuwa naelekea? Mimi sikuona.

Ulikuwa kidato cha pili ulipougua nimonia. Mama yako alikuleta asubuhi kwa bodaboda, umejifunga khanga, unapumua kwa shida. Kwenye benchi ulikaa pamoja na jirani yetu wa hapa Hamugembe, Bi Zainabu, mwembamba kama wewe, na yeye alikuwa na kikohozi. Nilimpiga yeye kwanza, kwa namba zangu za kila siku. Kisha ukaingia wewe.

Mkono wangu ukashusha namba wenyewe. Sikufikiri. Nilikupima unene, nikabana uwanja wa mwanga ushike mapafu tu, nikapandisha kilovolti kidogo, nikashusha wingi sana, nikakusubiri uvute pumzi na kuishikilia. Nilifanya kila nilichofundishwa na nilichojifundisha Muleba. Picha ikatoka na mchanga kidogo sana, na daktari akaisoma bila neno, akakuandikia dawa.

Mlipoondoka nikaangalia namba ya kona ya picha yako. Nikafungua ya Bi Zainabu, iliyokuwa juu yako kwenye orodha. Yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya yako.

Nilijua kumbe. Hakuna wa kumlaumu, si manila, si ndoo. Nilijua namna ya kufanya, na nilikuwa nimeiweka akiba kwa ajili ya mtoto wangu.

Siku ile ile niliwaambia wenzangu, tukakaa tukaandika upya namba za mashine, na mpaka leo kila Jumatatu tunaangalia zile namba za kona kwa pamoja. Lakini hilo lilikuwa rahisi. Lililobaki lilinichukua siku tatu kupata ujasiri. Nikaenda kwa Bi Zainabu. Alikuwa kibarazani anachambua mchele, akanikaribisha, nikakaa, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe, kwamba hakuna baya lililompata ninalolijua, lakini nilimpa mionzi zaidi ya aliyohitaji, na binti yangu nilimpa inayotosha.

Akauliza, "Picha yangu ilionekana?"

"Ilionekana."

"Na ya Asimwe?"

"Nayo ilionekana."

Akaendelea kuchambua kidogo. "Basi ile iliyozidi ilikuwa ya nini, baba?"

Nikamwambia, "Ilikuwa ya kunikinga mimi, daktari asinirudishie picha."

Bi Zainabu akaweka ungo chini. Nilitazamia aninyooshee kidole, na ningestahili. Akaniambia tu, "Umefanya vizuri kuja," halafu akauliza, "Na mtoto, homa imeshuka?"

Nasikia lango. Mmerudi, na bibi yako lazima amekupa mzigo usiobebeka. Naikunja barua hii niiweke ndani ya koti lako jeupe, lile jipya, utaikuta utakapolivaa mara ya kwanza.

Ni mimi baba yako, ambaye bado anapima.